Je, Darubini ya Uani Inaweza Kuona Sumaku ya Nyota?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina darubini ya sentimita 20 yenye urefu wa fokasi wa milimita 2000, na gretingi (kioo chenye mistari kinachotawanya mwanga kuwa rangi) ya mistari 100 kwa milimita ambayo nimeifunga mbele ya kamera. Nimesoma kwamba zipo nyota zenye uga wa sumaku unaozidi wa Dunia maelfu ya mara, na kwamba spektra zake, yaani mwanga wake ukitawanywa katika rangi, hubadilika baada ya siku chache. Nilipiga picha Alioth iliyo kwenye Dubu Mkubwa, nikarudia siku nne baadaye. Usiku wa kwanza mistari ya haidrojeni ilikuwa mizito, wa pili ikawa imefifia. Je, nimeona sumaku? Kama sivyo, kifaa gani kitanifikisha huko, na nianze na nyota ipi?

JIBU: Marahaba. Nianze na lile linalokusumbua zaidi: hapana, hukuona sumaku. Naamini ulichokiona ni fokasi iliyosogea kidogo, au hewa iliyotetemeka zaidi usiku wa pili. Lakini nyota umeichagua vizuri, na unachokitaka hakijaipita kimo darubini yako. Kilichobaki ni kujua sumaku ya nyota huacha alama yake mahali gani kwenye mwanga. Wengi huitafuta pasipoonekana, wakachoka, wakaacha.

Tupige hesabu kwanza, maana ndiyo itakayokuokolea misimu miwili mitatu ya kuhangaika. Mwaka 1896 Pieter Zeeman aliweka mwali wenye sodiamu katikati ya sumaku kali, akaona mistari ya mwanga ikinenepa. Baadaye ikadhihirika kwamba mstari haukunenepa tu, ulikuwa umegawanyika. Mwaka 1908 George Ellery Hale alitumia jambo hilohilo kuonyesha kwamba madoa ya Jua yana uga wa sumaku. Kiasi cha kugawanyika hutegemea nguvu ya uga na mraba wa urefu wa wimbi. Chukua mstari wa kawaida kwenye angstromu 5000 (angstromu kumi hufanya nanomita moja). Uga wa gauss 1000 huvisogeza vijistari vya pembeni kwa angstromu 0.012 hivi. Uga wa Dunia yetu, ili upate kipimo, ni kama nusu gauss.

Sasa tuitazame gretingi yako. Tuseme iko milimita 80 kutoka kwenye kihisio cha kamera, na pikseli zako zina upana wa mikromita 3.75. Kila pikseli itabeba kama angstromu 4.7. Kwa kuwa mbele ya gretingi hakuna ufa mwembamba wa kupunguza mwanga, ukali wa spektra unaamuliwa na unene wa taswira ya nyota yenyewe. Hewa ya kawaida huitanua nyota hadi kama sekunde 3 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3600 ya digrii), na kwa fokasi yako hizo ni mikromita 29, yaani karibu pikseli nane. Zidisha, utapata angstromu 36 au zaidi kidogo. Hicho ndicho kipande kidogo kabisa cha rangi ambacho kifaa chako kinaweza kukitofautisha na jirani yake. Mgawanyiko tunaousaka ni mdogo kuliko hapo mara 3000.

Hesabu hiyohiyo inaeleza haidrojeni yako. Hewa ikitulia, taswira ya nyota inakuwa nyembamba na mistari inachongoka, inaonekana mizito. Hewa ikivurugika, mstari uleule unatandazwa, unaonekana hafifu. Mwanga uliofyonzwa haujapungua, umesambaa tu. Ndiyo maana sisi wa spektra hatuamini kina cha mstari. Tunapima eneo lake lote: unachukua eneo lililozama chini ya mwendelezo wa mwanga (kiwango cha mwanga pasipo na mistari), kisha unauliza, kama eneo hili lingekuwa mstatili uliozama mpaka sifuri, ungekuwa na upana wa angstromu ngapi? Kipimo hicho tukiite upana linganifu. Fokasi ikisogea, kina hubadilika lakini upana linganifu hubaki. Rudi kwenye picha zako mbili upime hivyo. Ninatarajia tofauti itayeyuka mbele ya macho yako.

Basi sumaku inaonekana wapi? Hapo ndipo penye utamu wote wa jambo hili.

Mwaka 1913 Aristarkh Belopolsky, aliyekuwa kwenye kituo cha kutazamia anga cha Pulkovo nchini Urusi, alitangaza kwamba baadhi ya mistari kwenye spektra ya Cor Caroli, nyota angavu kuliko zote katika kundinyota la Mbwa wa Mawindo, hunenepa na kukonda kwa kipindi cha kama siku tano na nusu. Hakujua kwa nini. Uga wa sumaku katika nyota ya aina hiyo uligunduliwa mwaka 1946 tu, pale Horace Babcock alipoichunguza 78 Virginis kwa kuugawa mwanga wake kati ya ule unaozunguka kushoto na ule unaozunguka kulia. Kwa hiyo Belopolsky aliona nyayo miaka 33 kabla ya mtu yeyote kujua kwamba kuna mguu. Wewe na darubini yako mko mahali pake, isipokuwa kamera yako inamshinda mbali sana kwa kunasa mwanga.

Nyayo hizo hutokea hivi. Nyota za aina A na zile za B zenye joto la chini (herufi hizi huzipanga nyota kwa joto la uso) hazina tabaka la juu linalochemka kama la Jua. Hewa yake ya nje imetulia. Katika utulivu huo, kila elementi inavutwa chini na uzito wake na wakati huohuo inasukumwa juu na mwanga unaotoka ndani. Zinazofyonza mwanga kwa wingi, kama kromi, europi na nyingine za adimu, hupanda na kujikusanya juu. Zisizosukumwa vya kutosha huzama. Georges Michaud ndiye aliyelieleza hili mwaka 1970. Uga wa sumaku ukiwepo, chembe zenye chaji haziwezi kuukatiza zipendavyo, kwa hiyo mkusanyiko hauwi sawa kila mahali: hapa baka la europi, kule mkanda wa oksijeni, pale uwazi usio na kalisi. Na kwa kuwa mhimili wa sumaku umeinama ukilinganishwa na mhimili ambao nyota inajizungushia, mabaka yanakuja mbele yetu na kuondoka, kama alama kwenye gurudumu. D. W. N. Stibbs aliuweka mfano huo wa mhimili ulioinama katika hesabu mwaka 1950, na hadi leo ndio unaosimama. Uga wenyewe haubadiliki. Nyota ndiyo inayogeuka.

Nakuomba ulishike hilo la mwisho vizuri, kwa sababu linabadilisha kazi yako nzima. Kupanda na kushuka kwa mstari wa europi hakutaki kifaa cha kuona sehemu za elfu za angstromu. Kunataka kifaa cha kuutenga mstari huo na majirani zake, mikono inayopima kwa namna ileile kila usiku, na kalenda.

Kalenda nimeitaja makusudi. Tuichukue Alioth yako. Inang'aa kwa kipeo cha 1.8 hivi (kipeo kikiwa kidogo, mng'ao ni mkubwa), ndiyo angavu kuliko zote za aina hii, na hujizungusha kwa siku 5.0887. Mstari wake wa K wa kalisi, kwenye angstromu 3934, unabadilika. Yote mazuri. Lakini tazama namba: siku tano na chembe tu. Ukiipiga picha kila usiku saa ileile, kila usiku unaruka karibu sehemu moja ya tano ya mzunguko, na usiku wa sita umerudi karibu palepale ulipoanzia, umesogea kwa asilimia 1.7 tu. Utakuwa unaitazama nyota kwa nyuso tano zilezile. Ili mapengo kati ya nyuso hizo yajazwe yenyewe, utahitaji karibu siku 57, na mawingu hayajahesabiwa. Ulivyopiga picha mbili kwa tofauti ya siku nne, uliziweka robo tatu na kidogo ya mzunguko mbalimbali. Kama kifaa kingeruhusu, ungeweza kuona tofauti halisi, au usione kitu kabisa, kutegemea umeangukia wapi.

Cor Caroli ni habari nyingine. Kipindi chake ni siku 5.46939. Gawanya 11 kwa namba hiyo: mizunguko miwili na asilimia moja tu ya ziada. Maana yake, ukipiga picha usiku 11 mfululizo saa ileile, unapata nyuso 11 zilizopangika kwa nafasi sawa kuzunguka nyota nzima, kisha usiku wa kumi na mbili unaanza kurudia na unaweza kuthibitisha ulichokiona mwanzoni. Mimi sijui nyota nyingine angavu ya sumaku inayomtendea wema mtu wa uani namna hiyo. Ndiyo sababu nakuambia uanze nayo, ingawa kwa kipeo chake cha 2.9 inapitwa na Alioth.

Na kipindi chake kinajulikana kwa usahihi wa kutosha kukupa nafasi ya kila picha bila kubahatisha. Kwa desturi awamu (nafasi ndani ya mzunguko) ya sifuri ni wakati mistari ya europi ina nguvu zaidi, ikihesabiwa tangu tarehe ya Juliani (hesabu ya siku mfululizo ya wanafalaki) 2419869.720, ambayo iko mwaka 1913. Tangu hapo nyota imejizungusha zaidi ya mara 7,400. Hata kama tarakimu ya mwisho ya kipindi ingekuwa na kosa la moja, makadirio ya leo yangepotea kwa asilimia moja na nusu tu ya mzunguko. Toa tarehe hiyo kwenye tarehe ya Juliani ya picha yako, gawanya kwa 5.46939, tupa namba nzima, ubakize desimali. Desimali hiyo ndiyo awamu yako.

Nije kwenye kifaa. Uwezo wa kutenganisha hupimwa kwa R, yaani urefu wa wimbi ukigawanywa kwa kipande kidogo kinachotofautishwa. Gretingi yako ina R ya kama 140. Vifaa vya ufa vya daraja la Alpy 600 vina R ya 600 hivi, na kwa nyota za sumaku za aina ya Cor Caroli bado ni pungufu: mistari ya metali inachanganyikana, na unachopima ni mchanganyiko wa elementi tano. Kwa kazi hii uende kwenye R ya 10,000 na kuendelea. Lhires III ikiwa na gretingi ya mistari 2400 hufika zaidi ya 15,000. Star'Ex, iliyobuniwa na Christian Buil ili mtu aichapishe mwenyewe kwa printa ya vipimo vitatu, inafanya kazi ya daraja hilohilo, na kama una subira ya kufunga vioo na kurekebisha skrubu, ndiyo ningekupendekezea. Utaijua kila sehemu yake, na siku spektra ikija imepinda utajua uanzie wapi kuinyoosha.

Kwa R ya 10,000 na zaidi, elekeza kifaa kwenye angstromu 4130. Hapo silikoni ina mistari miwili, 4128.1 na 4130.9, na katikati yake, kwenye 4129.7, unakaa mstari wa europi. Katika nyota ya kawaida ya A utaona silikoni tu, na katikati pakavu. Katika Cor Caroli, europi huchomoza kati ya hao wawili na kunywea kadiri siku zinavyokwenda, huku silikoni nayo ikibadilika kwa mwendo wake. Ukisogea kidogo hadi 4205, kuna mstari mwingine wa europi wa kupimia ushahidi wa kwanza. Napenda sana dirisha hili la 4130. Kwa mtu anayeanza, hakuna picha inayoeleza mabaka ya nyota vizuri kuliko mistari mitatu iliyosimama pamoja, kila mmoja na saa yake.

Upande wa buluu una taabu zake, na afadhali uzijue mapema. Taa ya neoni, ambayo wengi huitumia kupimia urefu wa wimbi, ina mistari tele kwenye nyekundu lakini buluu imepungukiwa. Tafuta taa yenye arigoni ndani. Vihisio vya kamera navyo huzidi kuwa vizito kuhisi mwanga kadiri unavyoielekea zambarau, na lenzi za kawaida hupeleka rangi hiyo nje ya fokasi. Kama hayo yatakushinda kwa sasa, fanya kazi kwenye nyekundu: silikoni ina mistari mingine 6347 na 6371, ambayo neoni inaizunguka vizuri kwa 6334, 6383 na 6402. Ni mahali pa heshima kabisa pa kuanzia.

Ufa wa mikromita 23 kwa fokasi yako ni sekunde 2.4 za tao. Nyota itaponyoka. Kwa hiyo unahitaji kamera ya pili inayotazama uso wa ufa na kuirekebisha darubini muda wote, na mguu wa darubini usiotikisika. Naona watu wakiweka fedha zote kwenye spektrografu na kuacha mguu hafifu. Ni afadhali ungefanya kinyume.

Sasa niseme juu ya upimaji, maana ndipo nilipoumia mwenyewe. Msimu wangu wa kwanza na mstari wa K wa Alioth nilipata mchoro mzuri wa kupanda na kushuka, nikafurahi. Kisha nikaamua kupima kwa njia ileile picha za Merak, jirani yake katika Dubu Mkubwa, yenye joto linalokaribiana naye. Merak nayo ikapanda na kushuka. Haikuwa na sababu yoyote ya kufanya hivyo. Tatizo lilikuwa mwendelezo. Mstari wa K uko kati ya mistari miwili mipana ya haidrojeni, 3889 na 3970, na hapo hakuna sehemu tambarare ya kuiita mwendelezo halisi. Kila usiku nilikuwa nauchora upya kwa jicho, na jicho langu lilikuwa limeshajua ninachotaka kukiona. Nilitupa mchoro wote.

Ukitaka kuona ukubwa wa hatari hiyo, chukua dirisha la angstromu 8, pikseli za nusu angstromu, na uwiano wa ishara kwa kelele wa 100. Kelele peke yake itakupa kosa la angstromu 0.02 kwenye upana linganifu. Mwendelezo ukikosea kwa nusu asilimia tu, kosa linakuwa angstromu 0.04, mara mbili. Kwa hiyo kuongeza muda wa picha peke yake hakukusaidii. Kinachosaidia ni kuchagua pointi za mwendelezo mara moja, kuziandika, na kuiachia programu izitumie zilezile kwa picha zote. ISIS na BASS zote zinaweza. Kisha kila usiku piga na nyota moja tulivu ya aina inayofanana, iliyo karibu angani, uipime vilevile. Kama ile tulivu inacheza, hujapata kitu bado.

Mengine nitayapita haraka kwa kuwa utayakuta kwenye mwongozo wowote: picha za giza, picha za mwanga sawia, taa ya kupimia kabla na baada ya kila nyota. Moja tu nilisisitize. Dunia inatubeba kulizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, na mwendo huo peke yake unaweza kuusogeza mstari wa 4130 kwa angstromu 0.4, sawa kabisa na kipande kidogo anachokiona mwenye R ya 10,000. Programu inaondoa hilo kwa amri moja, mradi saa ya kompyuta iwe sahihi na mahali ulipo pawe pameandikwa.

Kama unaishi mahali ambapo Cor Caroli haipandi vya kutosha, au kama hutaki kufika R ya 10,000, kuna nyota moja ninayoipenda kuliko zote: Sigma Orionis E. Iko karibu na ikweta ya anga, kwa hiyo watu wa kaskazini na kusini wote wanaiona. Ni nyota ya B yenye joto kali na heli nyingi kupita kawaida, uga wake ni wa gauss karibu 10,000, na hujizungusha kwa siku 1.19. Uga huo umenasa mawingu ya gesi iliyovuma kutoka kwenye nyota yenyewe, na kuyashikilia juu ya uso wake kama vibaraza viwili vinavyozunguka pamoja nayo. Mawingu hayo yanang'aa kwenye mstari mwekundu wa haidrojeni, 6563. Upande wa wingu linalokuja kwetu mng'ao unahamia buluu, upande wa linaloondoka unahamia nyekundu, hadi mamia ya kilomita kwa sekunde, mbali zaidi ya kasi ya uso wa nyota. Kwa hiyo R ya 5000 inatosha, kwa maana inatofautisha kilomita 60 kwa sekunde. Ukiweza kuifuata saa sita usiku mmoja umeona sehemu moja ya tano ya mzunguko, na wiki moja ya anga safi inakupa mzunguko mzima. Picha zisizidi dakika 20 kila moja, kwa sababu nyota inageuka haraka.

Tahadhari yake ni kwamba Sigma Orionis ni familia. Kubwa kuliko zote ina kipeo cha 3.8. Nyota D iko sekunde 13 za tao kutoka kwake na E iko 42, na hizo mbili zinakaribiana sana kwa mng'ao, zote kama 6.6. Nimewahi kuona seti nzima ya spektra safi kabisa za D. Pima umbali kwenye kamera ya kuelekezea kabla hujafungua picha ndefu, na uondoe mwanga wa anga wa pembeni kwa uangalifu, kwa kuwa eneo hilo lina gesi inayong'aa kwenye mstari huohuo unaoupima.

Je, huwezi kabisa kuuona mgawanyiko wenyewe wa Zeeman? Nilikuwa nakuandalia hilo mwisho. Mwaka 1960 Babcock alieleza nyota HD 215441, iliyo kwenye kundinyota la Mjusi, ambayo uga wake ni gauss 34,000. Hujizungusha polepole, hivyo mistari yake ni myembamba. Weka namba hiyo kwenye kanuni ya Zeeman, chagua mstari unaoitikia sumaku kwa nguvu karibu na angstromu 6150, na vipande viwili vinaachana kwa takriban angstromu 1.6. Mwenye R ya 15,000 anatofautisha angstromu 0.4. Yaani mgawanyiko uko wazi mara nne ya uwezo wake. Shida ni mwanga: kipeo chake ni 8.8, kwa hiyo kwa darubini ya sentimita 20 ujiandae kujumlisha saa tatu nne za picha, na nyota isikuponyoke kwenye ufa hata dakika tano. Ni kazi ya mwaka wa pili au wa tatu. Lakini inafanyika kwa kipimo cha darubini uliyo nayo, na hapo hutakuwa unaziona nyayo tena.

Gretingi yako usiiuze. Nyota nyingi za sumaku zina bonde pana na jepesi karibu na angstromu 5200, ambalo Keiichi Kodaira aliliripoti mwaka 1969. Upana wake unazidi angstromu 36 zako, kwa hiyo kifaa ulicho nacho kinaweza kulifikia. Kina chake ni asilimia chache tu, kwa hiyo usilitafute kwa jicho: ligawe kwa spektra ya nyota ya kawaida ya A iliyopigwa usiku uleule, kwa kimo kilekile juu ya upeo. Na wiki hii, kabla hujanunua chochote, piga Alioth na Merak usiku mitatu, picha ishirini kila moja, upime upana linganifu wa mstari wa haidrojeni wa 4861 kwa pointi zilezile za mwendelezo. Niandikie namba zinavyotawanyika kutoka picha moja hadi nyingine. Mtawanyiko huo utaniambia kama ukianza Cor Caroli utahitaji usiku 11 au 22.